Mkate wa Nyumba Isiyo na Msiba

Mwaka ule vita vilipokwisha, katika mji mzima wa Brezhina ilibaki nyumba moja tu ambayo haikuwa imevaa weusi, nayo ilikuwa nyumba ya Velika, mke wa Gencho mshona matandiko ya farasi. Usidhani ilikuwa raha. Velika akienda mferejini kuteka maji, wanawake waliokuwa wakipiga soga walinyamaza ghafla. Akiwasalimu waliitikia, ndiyo, lakini macho yao yalipanda moja kwa moja hadi kwenye kitambaa cheupe kichwani mwake, wakakikodolea kama watu wenye njaa wanaotazama sahani ya jirani. Yeye mwenyewe aliona. Siku nyingine alifunga kile kikuukuu chenye kiraka, ili angalau kisiwakere watu kwa kung'aa.

Manol, mtoto wake wa pekee, alikuwa huko Dojran, mstari wa mbele, na kikosi cha vijana wa mji, mwaka wa tatu sasa. Vijana wote wa Brezhina walitiwa kikosi kimoja, kwa busara ya nani sijui, kwa hiyo kombora moja likianguka pabaya, kengele ya kanisa letu ililia wiki nzima. Kila ilipolia Velika aliacha alichokuwa akifanya, akasimama uani, akasikiliza ni mlango wa nani utakaopigwa hodi. Haukuwa wake. Alimshukuru Mungu, kisha akajiona mwovu kwa kushukuru, kisha akainjika maharage ya kupeleka msibani.

Basi, siku chache baada ya Sikukuu ya Mtakatifu Petka, Bibi Yova aliingia kwake akihema. Bibi huyu ndiye aliyejua kila kinachopaswa kufanywa mtu akizaliwa, akioa, akifa au akirudi kutoka mbali, na ole wako uyafanye kwa namna yako.

"Una habari kwamba vijana wetu wanakuja?" aliuliza, akijitupa kwenye kiti.

"Nimesikia, bibi. Gencho karudi nayo kutoka sokoni."

"Jumapili. Sasa mkate ni wako. Usinitolee macho. Tangu asubuhi nazunguka nyumba baada ya nyumba, miguu imevimba mpaka viatu havivuliki. Kwa Dena, msiba. Kwa Mama Kolyo, msiba. Kwa padri mwenyewe, msiba."

"Na kwa Minka je?"

"Minka mkwewe kafa kwa homa juzi tu. Umebaki wewe, mwanangu. Ukatae, uone kama hatujawapokea watoto wetu kwa maneno matupu."

Anayerudi kutoka vitani havuki daraja mpaka aumege mkate wa mapokezi, na mkate huo haukandwi na mkono uliofiwa. Hilo kila mtoto wa Brezhina alilijua kabla ya kujua sala. Mwanamke mwenye msiba mbichi akiukanda, wanaorudi huja na kifo mgongoni, wakaugua, wakapukutika mmoja mmoja ndani ya mwaka. Padri alikuwa amejaribu kusema kwamba hayo si mambo ya kanisa, ni ya bibi vizee. Bibi Yova alimjibu kwamba hata kanisa lenyewe linafagiliwa na bibi vizee, na padri akafyata ulimi.

Unga mweupe haukuwapo mjini. Watu walikuwa wanakula ugali wa mahindi uliochanganywa na pumba, na waliokuwa na mahindi walijiona matajiri. Lakini kwa ajili ya mkate huo kila nyumba ilikwangua chini ya kasha, ikatoa konzi moja. Wanawake walikuja mmoja mmoja na vitambaa vyao vyeusi, wakamimina konzi zao kwenye karai la Velika, wakaondoka bila maneno mengi. Dena alileta yake kwenye aproni. Huyu alikuwa mjane aliyeishi ng'ambo ya barabara, na mwanawe Rusi alishikwa na mapafu majira ya baridi yaliyopita, akatolewa kwenye kikosi na kupelekwa hospitali ya jeshi ya mji jirani, akafia huko. Maiti yake ililetwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Velika ndiye aliyemwosha pamoja na Dena, ndiye aliyeshika kichwa wakati mama mtu akimchana nywele. Tangu siku hiyo akili za Dena zilikuwa zinakwenda na kurudi.

"Huo wa kwangu uweke juu," Dena alisema. "Rusi anapenda mkate laini."

"Nitauweka juu, dada," Velika akajibu.

Siku iyo hiyo, alasiri, Velika akiwa jikoni anachekecha unga, Dragni aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa upande wa mizabibu. Dragni alikuwa kaka wa Gencho na ndiye meya wa mji. Meya haingii kwa mlango wa nyuma. Velika alimtazama tu akajua kuna jambo.

"Gencho yuko wapi?"

"Nyuma ya banda, anafukua pipa la rakia. Lile alilolizika siku Manol alipozaliwa, akisema litafunguliwa siku ya harusi yake. Sasa anasema hangoji harusi."

Dragni alifunga mlango. "Shemeji, kaa kwanza."

"Nina unga mikononi. Sema tu."

 Dragni alitoa kifurushi kwenye koti, akakiweka mezani, akaanza kukifungua. Velika hakungoja kifunguke chote. Ncha moja ya mkanda wa ngozi ilipochomoza aliujua, kwa sababu Gencho aliushona kwa uzi wa kukunja mara mbili na fundo lake la kitambo, ambalo hakuna fundi mwingine aliyejisumbua kulifunga. Ulikuwa mkanda wa Manol. Mahali pa kifungo palikuwa pamekauka rangi ya kahawia.

"Nani kakupa?"

"Askari mmoja kwenye treni, si wa hapa. Alisema ni wa kijana wa Brezhina. Siku za mwisho kabisa, shemeji. Wangengoja kidogo tu, vita vilikuwa vimekwisha."

"Alimwona kwa macho yake?"

"Alipewa na waliomwona."

Velika alisugua vidole vyake kimoja kimoja, akaudondosha unga ndani ya karai, maana hata saa ile aliona ni dhambi kuupoteza. Kisha mkono wake ukapanda kichwani kufungua kitambaa cheupe. Dragni akamshika kifundo cha mkono.

"Bado."

"Niachie, Dragni."

"Nisikilize kwanza. Ukifunga cheusi leo, kesho Yova anajua, na Jumapili hakuna mkate. Hakuna mkate, wanawake hawatakubali wale vijana wavuke daraja. Unadhani hao vijana watavumilia? Unajua wanafanya nini huko wanakopita? Kila mji wanamwuliza meya ni nani aliyechukua ng'ombe wa mama zao. Kuna mahali walimburura meya kutoka ofisini kwa ndevu zake."

"Na wewe ndiye uliyechukua ng'ombe wa mama zao."

"Kwa amri. Ng'ombe walikwenda jeshini, kila mtu anajua."

"Ng'ombe walikwenda jeshini," alisema Velika. "Mimi ni mke wa mshona ngozi, Dragni. Ngozi zilikwenda wapi?"

Dragni alitazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya sana, tuseme alikuwa mbaya kama wengi walivyokuwa mwaka ule, na sasa alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya awe mpole.

"Siku chache tu, shemeji. Nakuomba kama ndugu yako. Jumapili jioni lia mpaka milima isikie, mimi mwenyewe nitapiga kengele. Na Gencho usimwambie. Moyo wake unaujua ulivyo, na uso wake hauwezi kuficha kitu."

Alipokwenda zake Velika aliuficha mkanda chini ya magunia, akabaki amesimama. Alitaka kulia. Alikuwa amelia misibani mwa watu miaka mitatu, kwa haki na kwa desturi, na sasa msiba umeingia kwake anaambiwa angoje zamu. Alimchukia Dragni mpaka meno yakamuuma. Lakini alijua kwamba atakanda. Wale waliokuwa wanakuja walikuwa rafiki zake Manol, walioiba matunda pamoja, na kama mkono uliochafuka utawatia kifo mgongoni au la, Mungu ndiye anayejua, ila kufika mjini kwao na kukuta daraja limefungwa, hilo hakutaka liwapate. Kulikuwa na sababu nyingine pia, na hii aliionea aibu. Maadamu kichwani kwake pana kitambaa cheupe, basi ipo nyumba moja duniani ambamo Manol hajafa.

Jioni Gencho aliingia amechafuka udongo mpaka kwenye nyusi, anachechemea, amekumbatia pipa.

"Mama Manol, njoo unuse."

Alinusa. Ilikuwa rakia njema, pombe kali ya zabibu iliyolala miaka.

"Mbona umenuna?"

"Moshi wa jiko."

"Moshi. Mwanao anarudi nawe unalalamika moshi." Alikaa, akajifuta jasho. "Nimewaza. Akipumzika wiki mbili tatu nampeleka kwa jirani, baba yake Stoil, tumwombe binti. Yule mdogo, mwenye kucheka sana. Nyumba hii inataka mtu wa kucheka, mimi na wewe tumekuwa kama kinu na mchi, twagombana tu."

"Tutaona," alisema Velika.

"Tutaona nini? Wewe humtaki?"

"Namtaka."

Alimpakulia ugali, akajipakulia na yeye, akala.  Gencho aliendelea kuzungumza mpaka sahani zikawa tupu, na mara mbili Velika alifungua kinywa amwambie, na mara mbili akatia ugali.

Jumamosi alikanda. Hakukanda peke yake, maana desturi haiachi mtu peke yake. Bibi Yova alikaa mbele yake na fimbo magotini, akichunga macho yake. Chozi likidondokea unga, unga wote humwagwa, na konzi za mji mzima zilikuwa mle ndani. Wanawake wengine walisimama ukutani. Velika alikanda kwa macho makavu. Alikuwa anaukandamiza ule unga kwa viganja kana kwamba kuna mtu ndani, na Bibi Yova akamsifu, akasema hivyo ndivyo mkate unavyotaka, kukandwa na mtu mwenye nguvu na furaha.

Dena alijipenyeza mpaka mezani, akanyoosha kidole auguse unga kidogo tu. Bibi Yova alimchapa mkono.

"Toa mkono wako, wewe. Unataka kuwaua?"

Dena alirudi ukutani ananyonya kidole. Velika alisikia joto la aibu likimpanda shingoni. Mikono miovu ilikuwa yake, na ilikuwa ndani ya unga mpaka viwiko. Alitamani unga ukatae kuumuka, wote wajue, mambo yaishe. Lakini uliumuka vizuri, ukavimba ukajaa karai, akauonea hasira kwa kuumuka.

Jumapili watu walikusanyika kwenye daraja baada ya ibada. Dragni alikuwa amejengesha tao la matawi mabichi, amelifunga na utepe, na kuna kitambaa kilichoandikwa KARIBUNI MASHUJAA WETU. Wapiga muziki walikuwa mzee mmoja wa zumari na mwingine wa ngoma, kwa kuwa wapiga muziki wenye nguvu walikuwa wamekufa. Velika alisimama mbele na mkate mikononi, juu ya taulo lililotariziwa, na kijisahani cha chumvi katikati. Gencho alisimama kando yake amevaa kizibao cha harusi yake. Hakuweza kutulia, kila mara alijinyoosha achungulie ng'ambo ya mto.

Walitokea kwenye kona ya barabara. Hawakuwa wamejipanga. Walikuja kwa mafungu mafungu, magunia mgongoni, wengine wamefunga miguu kwa matambara, na walikuwa wachache, wachache mno, hata mzee wa zumari alipuliza sauti mbili tatu akaacha, akidhani hao ni watangulizi tu. Walivuka daraja. Walipofika kwenye tao walisimama, wakakisoma kile kitambaa, na hakuna aliyetabasamu.

"Karibuni wanangu," alianza Dragni. "Siku ya leo mji wetu mtukufu..."

"Ng'ombe wetu wako wapi, Dragni?" mmoja aliuliza kutoka nyuma, bila kupaza sauti.

Dragni alimsukuma Velika mgongoni kwa kiganja. "Mkate, shemeji. Mpe mkate."

Mbele yao alikuwa Stoil, mtoto wa jirani, koplo wa kikosi, rafiki yake Manol tangu utotoni. Nyama za uso zilikuwa zimemwisha. Kazi yake ilikuwa kumega kipande, kuchovya chumvi, na kusema neno jema juu ya nyumba iliyokanda. Alinyoosha mkono amege. Hapo ndipo alipoinua macho akaona aliyeushika ni nani, na akaona kitambaa cheupe. Mkono ukabaki hewani.

 Velika aliona midomo yake ikicheza.

"Mama Velika," alisema Stoil. "Manol yuko nyuma. Anakuja."

Gencho alitoa sauti ambayo Velika hakuwahi kuisikia kwake, nusu kicheko nusu kilio, akamkumbatia Stoil, akambusu shavu hili na lile, akageukia watu. "Mmesikia? Yuko nyuma. Niliwaambia mimi, yule kwa kutembea ni mvivu tangu mtoto." Watu wakacheka. Mzee wa zumari akaanza kupiga.

Na Velika je? Velika aliamini. Tusimsingizie uimara ambao hakuwa nao. Aliamini pale pale, mwili mzima, nusura auangushe mkate. Mkanda ni kitu, unaweza kupotea, unaweza kuibwa, mtu mwingine akauvaa akafa nao. Yule wa kwenye treni hakuona kwa macho yake. Stoil alikuwa naye huko, Stoil ndiye anayejua. Aligeuka akaitazama barabara ng'ambo ya mto, na aliiona kabisa, ile namna ya mwanawe ya kutembea akitupa bega moja mbele.

"Na Kolyo wangu?" Mama Kolyo alikuwa amejipenyeza, amemshika Stoil mkono wa koti. "Waliniambia amekufa. Padri alishamwimbia. Na Kolyo je?"

Stoil alimtazama, kisha akamtazama Gencho aliyekuwa bado anacheka huku machozi yanamtiririka.

"Walikosea, mama. Wengi walitekwa tu. Kolyo naye yuko nyuma."

 Mama Kolyo alikivua kitambaa cheusi kichwani, akakitupa chini, nywele zake nyeupe zikamwagika mabegani. Basi hapo bwawa likapasuka. Na Minko? Yuko nyuma. Na mume wangu? Naye. Na Radoy, wa kwa mhunzi? Naye, mama, naye. Vitambaa vyeusi vilianguka matopeni kimoja baada ya kingine, wanawake walioacha kuzungumza mwaka mzima wakakumbatiana na kupiga vigelegele. Wale askari wengine walikuwa wanatazama chini. Hakuna hata mmoja aliyemtazama Stoil. Dragni alikuwa amekunjuka uso mzima, anaita rakia iletwe, anawapiga vijana mgongoni, na hakuna tena aliyekumbuka ng'ombe.

Dena alikuja wa mwisho. Alimvuta Stoil kwa kidole kimoja, kwa adabu.

"Na Rusi, Stoil? Rusi wangu?"

Jasho lilikuwa linamtoka Stoil mpaka kidevuni, na upepo wa baridi ule. Hakujua. Rusi alitolewa kikosini mgonjwa, na huko mstari wa mbele hakuna aliyeambiwa aliishia wapi.

"Rusi naye, mama. Yuko nyuma na wenzake."

Dena akafungua kitambaa chake.

Rusi alikuwa makaburini, nyuma ya kanisa, hatua chache kutoka pale. Velika alikuwa ameshika kichwa chake kwa mikono hii iliyokuwa imeshika mkate. Aliuona uso wa Stoil, na sasa aliuona kweli, akaelewa kwamba kijana huyu amesema la kwanza kwa kumhurumia, kwa ajili ya kitambaa cheupe, na baada ya hapo hakujua tena pa kusimama. Aliyekuwa anakuja kule nyuma hakuwapo. Mwanawe alikufa mara ya pili pale darajani, zumari likilia, na mara hii yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemfufua.

Aliinua macho akakutana na ya Bibi Yova. Yova alikuwapo kwenye mazishi ya Rusi, alipika kwa mkono wake ile ngano inayogawiwa mazishini. Alijua. Bibi yule ambaye hakuwahi kumwomba mtu kitu alimtikisia Velika kichwa, taratibu, huku anamsihi kwa macho: waache. Waache leo tu.

Velika aliwaza hivyo pia. Leo tu. Na kesho watakwenda kukaa darajani. Na kesho kutwa. Watakaa mpaka theluji ianguke, na Gencho atakaa nao amevaa kizibao cha harusi, na mtu akija kuwaambia mwakani watamwita mwongo. Yeye alikuwa amekubali kuambiwa angoje siku chache na alikaribia kupasuka. Hawa wataambiwa wangoje maisha.

"Nishikie," alimwambia Gencho.

Gencho akaupokea mkate kwa mikono miwili, bado anacheka. Velika alifungua kitambaa chake cheupe, akakikunja, akakitia kifuani. Kisha akainama, akaokota kitambaa cheusi kilichokuwa karibu na mguu wake, cha nani hakujua, akakikung'uta tope, akakifunga kichwani, akakaza fundo chini ya kidevu.

Kicheko cha Gencho kilikwisha kidogo kidogo. Zumari likanyamaza. 

"Shemeji," alisema Dragni. "Shemeji, una wazimu?"

 Velika alimsogelea Stoil, akamfuta jasho kwa ncha ya mkono wa nguo, kama alivyokuwa akimfuta pua alipokuwa mdogo.

"Usiogope, mwanangu. Mimi najua tangu juzi. Niambie tu umemlaza wapi."

 Stoil alijaribu mara moja, sauti ikakataa. Akajaribu tena.

"Chini ya ukuta wa shamba la mizabibu, mama. Tulichimba kwa kofia za chuma, jembe hatukuwa nalo. Kule ardhi ni mawe matupu."

"Alisema neno?"

"Hapana. Haikuchukua muda."

"Mikono ulimkunjia?"

"Nilimkunjia. Na macho nilimfumba mimi."

"Ahsante," alisema Velika. "Mungu akulipe."

Mama Kolyo alikuwa amesimama na nywele zake wazi. "Na Kolyo?" aliuliza, safari hii polepole. Stoil alijifunika uso kwa viganja vyote viwili na kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mji mzima.

"Mchawi wewe," mwanamke mmoja alimwambia Velika. "Umekanda mkate ukiwa na msiba, na sasa umetuua wote." Mwingine akamtemea mate miguuni. Velika alikubali yote mawili. Hakuwa na la kujitetea. Kisha wanawake wakaanza kuinama, mmoja huku, mmoja kule, wakitafuta vitambaa vyao matopeni. Vyote vilikuwa vyeusi, vyote vimelowa, na baada ya muda waliacha kuchagua, kila mmoja akafunga kilichomjia mkononi.

Gencho alikuwa bado amesimama na mkate.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nikiwa nazungumza mambo ya binti."

"Ndiyo, Gencho."

Aliutazama mkate kana kwamba hajui umefikaje mikononi mwake. Askari mmoja, kijana sana, alijisogeza akauliza kwa sauti ya chini kama wanaweza kula, maana tangu jana hawakuwa na kitu tumboni. Gencho aliumega vipande, hakuna aliyechovya chumvi, akawagawia mmoja mmoja mpaka ukaisha, na wao wakala kwa pupa, wamesimama, wamewapa watu mgongo. Bibi Yova aliwatazama na hakuwakataza. Dragni alikuwa ameshaondoka. Gencho alipomaliza alikwenda kuketi kati ya askari, upande wa pili wa tao, mbali na mkewe.

Velika aliketi pale pale kando ya daraja, matopeni, akalia. Alilia vile alivyotaka kulia tangu siku ile ya karai, kwa sauti yote, akiita jina la mwanawe, na hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

Mtu aliketi ubavuni pake. Alikuwa Dena, kichwa wazi, hakuinama kutafuta kitambaa chochote. Alimpapasa Velika mgongoni kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Nyamaza, Mama Manol," alisema. "Wako nyuma. Si umemsikia Stoil?"

Kisha akakunja miguu vizuri, akaelekeza uso kwenye barabara, akaanza kuwangoja.